Tuzihamishe Kumbukumbu Zingali Zasomeka

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika zama zetu daftari limegeuka kuwa utepe wa sumaku na disketi, na hatari ya kupotea imezidi badala ya kupungua. Kwa hiyo leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu wa Visiwani, na hasa maofisa waliokabidhiwa amana ya majalada ya umma.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku, baada ya gharama kuwa kubwa na matunda haba. Marufuku hayo yalipolegezwa, zikaja mashine ndogo za mezani, na mtumishi akaweza kuwa nayo hata nyumbani. Hapo likazuka suala la kuhamisha mafaili kutoka mtambo mkubwa kwenda mdogo.

Suala hilo si la waya peke yake. Herufi A katika mtambo mkubwa wa IBM ni namba 193. Katika mashine ndogo ni namba 65. Faili lisipofasiriwa hufika zima, wala halisomeki. Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilitunga programu iitwayo Kermit, ikagawiwa bure. Hukata faili vipande vidogo, kila kimoja na jumla yake. Mpokeaji huhesabu upya, na jumla zisipolingana kipande hicho hurudiwa. Sisi tuliopitia chuoni kabla ya skuli twaujua utaratibu huo: mwanafunzi humsomea mwalimu alichoandika ubaoni, na palipo na kosa hurudia mpaka pakae sawa.

Yawahusu nini Wazanzibari? Posta ni jambo la Muungano. Kijana wa Wete aliweza kupangiwa kazi Tukuyu, wilayani Rungwe, akatumikia huko miaka mingi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977; Shirika la Posta na Simu lililofuata nalo likagawanywa mwaka 1994. Kila badiliko lilitaka kumbukumbu zake zihame mkono. Mkono mmoja ukiangusha, mzee huyo atathibitisha kwa lipi utumishi wake? Tukumbuke kuwa hata mwaka 2005 watumishi wa iliyokuwa Jumuiya walikuwa bado wakidai haki zao mahakamani.

Rungwe ni nchi ya mvua na ukungu. Unyevu hula karatasi, na disketi nayo huota kuvu. Lakini nyaraka za utawala wa Kijerumani, zilizohifadhiwa Dar es Salaam, zina zaidi ya miaka 100 na mwenye kuijua lugha huzisoma kwa macho yake. Disketi ya mwaka 1988 haisomwi kwa macho. Yataka mashine ya rika lake, na mashine hizo zinakufa moja moja.

Rai yetu ni hii. Kwanza, kila ofisi, Bara na Visiwani, ihesabu tepe na disketi zilizomo makabatini. Pili, zihamishwe sasa, na kila faili lilinganishwe na asili yake kabla ya asili kutupwa. Tatu, kazi hiyo ifanyike ofisini kwa amri ya maandishi. Bidii ya mtumishi anayechukua majalada nyumbani twaisifu, lakini habari za watu si mali yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikutungwa kwa mapambo.

Wako watakaosema fedha hakuna. Twawajibu kwamba kulipa mafao mara mbili, au kumnyima mzee haki yake kwa kukosa ukurasa mmoja, ni gharama kubwa zaidi. Mashine ikifa leo, kesho hakuna amri ya ofisa yeyote itakayoifufua.