Kiswahili Kinafundishwa Jikoni, Kinalipwa Chuoni

BARAZANI na Zuhura Mbarouk Ali

Kila ifikapo tarehe 7 Julai majukwaa hujaa. UNESCO iliitangaza Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021, na tangu hapo hatuna upungufu wa hotuba. Maprofesa wanasifiwa, washairi wanaghani, mabalozi wa nchi za nje wanatoa salamu kwa Kiswahili na kupigiwa makofi kabla hawajafika mwisho wa sentensi. Sijapata kumsikia mtu akipanda jukwaani kumshukuru mama wa Mkunazini au Kikwajuni aliyemweka nyumbani mwanafunzi wa kigeni muhula mzima, akamfundisha kuitikia salamu za wakubwa, akamrudi alipotaka kwenda sokoni Darajani na nguo za kuogelea.

Mama huyo yupo, na mjini Unguja wako wengi. Wageni wao wanatoka Marekani, Ulaya, Asia ya Mashariki. Wanakuja hapa khasa kwa sababu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mpaka leo anayetaka kukinywa kisimani huambiwa aende Zanzibar. Bahari nayo inasaidia, tusidanganyane. Asubuhi wanakwenda darasani, wengine Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), wengine kwa walimu wa binafsi. Mchana wanarudi nyumbani, na kuanzia hapo mpaka watu walale mwalimu ni mama.

Kaa jikoni kwake uone. Msichana wa watu kakalia mbuzi, nazi mkononi, jasho linamtoka. "Taratibu, mwanangu, usifike kwenye kifuu, tui litakuwa jeusi." Msichana anapunguza nguvu. Tui la kwanza linawekwa kando, la pili ndilo la kuchemshia mchuzi. Pembeni changu yuko juu ya mkaa. Mgeni anachungulia, anasema, "Mama, samaki imeiva." Mama hageuki hata kumtazama: "Ameiva, mwanangu. Ameiva. Lete sahani." Hakuna ubao wala jedwali la ngeli. Mama huyu ukimuuliza ngeli ni nini pengine atakucheka, lakini kosa hilo litarudiwa mara mbili au tatu tu, kisha litakufa, maana na watoto wa nyumba nao wameshalifanya mchezo: kila chakula kikitoka jikoni wanaimba "imeiva, imeiva" mpaka mgeni anaona haya.

Na mwezi wa Ramadhani ndio mtihani wenyewe. Mgeni asiyefunga hawezi kula njiani, wala haipendezi, basi anakula nyumbani. Anayempikia chakula hicho cha mchana ni mwanamke mwenye saumu yake, kaamka tangu daku, na bado futari nzima inamngoja: maboga, mihogo ya nazi, uji, kaimati. Kuonja hataki. Anamwita mgeni: "Hebu onja, chumvi imekolea?" Yule anayeonja anajifunza kukolea, kuzidi, kupungua. Lakini anajifunza na jambo ambalo darasani halimo: kwamba mtu anaweza kukuhudumia akiwa na njaa bila kukuonyesha kwamba ana njaa.

Yote hayo yana gharama. Chumba chenye feni anapewa mgeni, watoto wanahamishiwa ukumbini na magodoro yao. Umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, uliokuwa ukitosha wiki sasa hautoshi, kwa sababu mgeni ana kompyuta, ana simu mbili, na feni hazimi hata akiwa hayupo chumbani. Maji anayooga mara tatu kwa siku mtu kayapandisha kwenye tangi. Halafu kuna gharama isiyoandikika: saa nne ya usiku mtoto wa watu hajarudi kutoka Forodhani, simu haipokewi, na anayekaa barazani na kanga yake kichwani akiangalia kona ya uchochoro si mratibu wa programu iliyomleta. Akipata homa, anayempeleka hospitali ni mama. Majirani wakianza maneno, wanaanza na nyumba ile.

Sasa tuzungumze pesa, maana hapo ndipo watu wanapoinamisha macho. Mwanafunzi analipa ada yake huko kwao, kwa dola au kwa euro. Sehemu inakwenda chuo chake, sehemu kwa programu, sehemu kwa walimu, usafiri na safari za mashamba ya viungo. Nyumba inapewa kiasi fulani kwa kila usiku, kinachohesabiwa kuwa ni cha malazi na chakula. Akina mama niliowahi kuzungumza nao hawajui mgeni wao amelipa kiasi gani kwa jumla, na hakuna aliyewaonyesha karatasi. Kwenye daftari za programu mama ni sawa na nyumba ya wageni, tena ya bei nafuu. Kazi ya kufundisha haina safu yake.

Wala mtindo wa kukaa na familia si fadhila iliyozuka kwa bahati. Mmarekani Donald Watt aliuanzishia taasisi mwaka 1932, akiwapeleka vijana wa kwao ng'ambo, na akashikilia kwamba mtu hujifunza watu kwa kuishi nyumbani mwao. Miongoni mwa vijana waliopita katika safari hizo alikuwa Sargent Shriver, ambaye mwaka 1961 alikuja kuwa mkurugenzi wa kwanza wa Peace Corps, shirika la wajitolea la Marekani, mwaka uleule walipofika Tanganyika wajitolea wa mwanzo wa shirika hilo. Kwa hiyo wanaoleta wanafunzi wanajua wanachokinunua. Wangeweza kuwaweka hotelini. Wanawaweka kwenye familia kwa sababu hoteli haifundishi.

Wapo watakaosema: Zuhura, ukarimu hauuzwi, usituharibie mila. Nimelisikia hili, na mara nyingi anayelisema hajawahi kumlisha mgeni wa miezi mitatu. Mgeni wetu wa kawaida ni wa siku mbili, na methali inajua afanywe nini ya tatu. Huyu haji kwa udugu wala ujirani. Kaletwa kwa mkataba baina ya chuo na programu, na katika mkataba huo kila mtu ana sahihi yake isipokuwa anayepika. Pesa imeshaingia nyumbani, ya nini tujifanye hatuioni?

Watazameni Wajerumani. Vijana wa Afrika Mashariki, Wakenya khasa, wanakwenda kule kwa mpango wa au pair: kijana anaishi na familia, anasaidia watoto na kazi za nyumba, anajifunza lugha. Ile ni nyumba ya mtu, na kuna mapenzi na kuna kununiana kama nyumba yoyote. Lakini yameandikwa: kazi isizidi saa 30 kwa wiki, euro 280 za mfukoni kila mwezi, mchango wa euro 70 kwa darasa la lugha, likizo ya wiki nne, chumba chake mwenyewe. Sisemi kwamba kila familia inayafuata, na visa vya mpango ule tunavisikia. Ila kijana akionewa, ana karatasi ya kushika. Mama wa Kikwajuni mgeni akiondoka wiki mbili kabla ya muda, chumba kikabaki kitupu na unga ameshanunua wa mwezi mzima, atashika nini?

Ninachotaka hakihitaji mfadhili. Mkataba wa kurasa mbili kwa Kiswahili, wenye jina la mama na sahihi yake. Malipo yatenganishwe: haya ya chakula na kitanda, haya ya kufundisha. Aelezwe mapema mgeni hali nini na anaumwa nini, asije akagundua habari ya karanga siku uso wa mtu umeshavimba. BAKIZA, baraza letu la Kiswahili, linaweza kuwapa akina mama hawa mafunzo ya siku chache na cheti. Vyuo vinavyoleta wanafunzi vitakubali. Vinapenda vyeti kuliko sisi.

Mama mmoja wa Malindi nilipomweleza haya alisikiliza mpaka mwisho, akasema pesa ni nzuri, aletewe. Lakini akaongeza la kwake, ambalo mimi sikulifikiria: anataka aulizwe mwisho wa muhula. Mwalimu wa darasani ndiye anayejaza fomu ya kusema mwanafunzi amefaulu kiasi gani. Wa mwisho aliyekaa kwake, akasema, alipata alama za juu kabisa, "na bado hajui kukataa chakula bila ya kumuudhi mtu."