Si Kila Foto ya Karibu Ni Makro

Wanafunzi wenzetu, kwenye ubao wa foto za biolojia tumeona ua la hibiskus, chini yake wameandika "makro". Sisi tunasema hapana. Foto ni nzuri, lakini jina si lake.

Makro haipimwi kwa kusogea karibu, wala kwa ukubwa wa karatasi. Inapimwa ndani ya aparei. Foto moja juu ya filme ya kawaida iko na upana wa milimita 36. Mdudu wa milimita 12 akishika milimita 12 juu ya filme ile, hiyo ndiyo makro. Ua la milimita 108 likijaza upana wote, limepunguzwa mara tatu: ni foto ya karibu tu. Hata simu ikiandika "makro", neno lake si kipimo.

Wengine watasema: "Jina tu, linafaa nini?" Linafaa sana! Mdogo wetu wa darasa la kwanza akiona siafu na nyigu wanajaza foto sawasawa, atajua namna gani nani ni mkubwa? Tutakuwa tumemdanganya bila kutaka.

Basi tunaomba: kila foto iandikwe kipimo chake, ao rula iwekwe kando ya mdudu. Foto ya karibu si haya. Haya ni kuipa jina la uongo.