Wafu wako kwetu, majina yako Genève

Wandugu vijana,

Kasika, 24/08/1998. Makobola, mwisho wa mwaka ule ule. Tafuta kwa simu yako, kwa Kiswahili. Utamaliza mega bure. Lakini makaburi yako, na ba mama walioponyoka wangali wanasimulia.

Tarehe 1/10/2010 ONU ilitoa Ripoti Mapping: visa 617 vya uhalifu mzito, toka 1993 mpaka 2003. Kurasa zaidi ya 500, kwa Kifaransa ao Kiingereza. Majina ya washukiwa? Siri, Genève. Nani anakingwa? Na kisha uchaguzi wa 2018, intaneti ilikatwa karibu siku 20. Wakubwa wanajua: kisichoonekana kinasahaulika haraka.

Sisi tuko na diplome, kazi hatuna. Basi muda tuko nao! Tuketi na wazee, tuandike: siku, mahali, jina la marehemu. Jina la shahidi tulifiche. Nakala kwa simu, kwa flash, kwa karatasi. Atakayefuta moja atakuta ingine.

Na ONU tunaiambia: fungueni majina!

Tunakatala kusahau.