Neno la Mhariri: Bomba Lifyonze, Mkono Uchimbe

Mwaka 1697 meli ya kivita ya Wareno, Santo António de Tanna, ilikuja Mombasa kuinusuru Fort Jesus iliyozingirwa na Waomani, ikazama mbele ya ngome hiyohiyo. Kati ya 1977 na 1980 Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wataalamu kutoka Marekani waliichimba. Toleo hili linahusu vifaa vya kazi ya namna hiyo, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: kifaa cha kuchimbia ndicho cha kuogopwa kuliko vyote.

Chukua bomba la kufyonzea. Mdomo wake uko chini, na kompresa iliyo juu ya maji husukuma hewa hadi karibu na mdomo huo. Hewa hupanda ikitanuka, ikavuta maji na tope. Penye kina kifupi nguvu hupungua, ndipo hutumika pampu ya maji. Lakini bomba halibagui tope na mbegu. Kwa hiyo mzamiaji mzoefu huliweka kando kidogo akachimba kwa kiganja: anapepea, mchanga unainuka, bomba linauchukua, na kitu kinaonekana pale kilipolala. Kabla hakijaguswa hupimwa kutoka kwenye fremu ya chuma, kikachorwa kwa penseli kwenye kibao cha plastiki.

Wasaka hazina wa Florida walifanya kinyume. Walifunga mabomba makubwa yaliyopinda nyuma ya rafadha za boti zao, mkondo ukaelekea chini na kufukua shimo kwa dakika chache. Dhahabu ni nzito, hubaki. Kamba, ngozi na mbegu huenda na maji, na pamoja nazo habari za mabaharia wenyewe.

Anayeomba kibali asiulizwe kwanza ana kompresa ngapi. Aulizwe ana matangi gani ya kulowekea, na nani atayalipia. Mbao zilizokaa baharini karne tatu zikianikwa hunywea na kupasuka. Mzinga wa chuma usipotolewa chumvi humomonyoka. Meli ya Vasa ya Sweden, iliyoibuliwa 1961, ilinyunyiziwa polietilini glaikoli kwa miaka 17. Mombasa, mkuku na mataruma vilipokwisha kupimwa, vilifukiwa tena palepale. Wapo wanaosema kazi ile iliachwa nusu. Mimi naona ndipo ilipofanywa sawasawa.