Wito Usiopimwa

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi katika makanisa ya Machakos, na ya Kenya kwa jumla, ipo ile isemayo kwamba Mungu humwita mtumishi wake faraghani, kwa ndoto, maono au sauti ya usiku, na kwamba mtu akishatangaza kuwa ameitwa, kumhoji ni kumgusa mpakwa mafuta wa Bwana. Imani hii huvikwa vazi la uchaji, lakini haina msingi katika Maandiko wala katika historia ya Ukristo.

Wanaoitetea hukimbilia habari za Samweli na Paulo bila kuzisoma hadi mwisho. Samweli aliitwa mara tatu asijue ni nani anayemwita, mpaka Eli, kuhani mzee ambaye nyumba yake mwenyewe ilikuwa imeoza, alipoitambua sauti hiyo na kumfundisha namna ya kuijibu. Paulo, baada ya nuru ya njia ya Dameski, aliwekewa mikono na Anania, na baadaye kanisa la Antiokia ndilo lililofunga, likaomba na kumtuma pamoja na Barnaba. Ni kweli kwamba katika waraka kwa Wagalatia anasisitiza kuwa utume wake haukutoka kwa wanadamu. Hata hivyo, waraka huohuo unaeleza kwamba alipanda Yerusalemu kuwaeleza viongozi wa huko Injili aliyoihubiri, asije akawa amepiga mbio bure.

Ndiyo maana Yohane Calvin, katika karne ya 16, alitofautisha wito wa ndani, yaani ushuhuda wa dhamiri mbele ya Mungu, na wito wa nje, yaani uthibitisho wa kanisa. Kanisa Katoliki nalo lina utambuzi, yaani kuupima wito kwa sala, mashauri na muda, na kwa sababu hiyo mseminari husubiri miaka mingi kabla askofu hajamwita kwenye daraja takatifu. Hakuna anayekana hapa kwamba Mungu aweza kusema kwa ndoto. Kinachokanwa ni kwamba ndoto hujithibitisha yenyewe.

Historia ya Ukambani inashuhudia vivyo hivyo. Peter Cameron Scott, aliyeanzisha Africa Inland Mission na kufungua kituo chake cha kwanza Nzaui mwaka 1895, aliamini kwa dhati kwamba ameitwa, lakini hakuondoka Marekani kabla wito huo haujaungwa mkono na baraza la waumini huko Philadelphia. Alifariki mwishoni mwa 1896, na kazi ikaendelea, kwa sababu haikuwa mali ya mtu mmoja.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba upimaji huo, enzi za ukoloni, ulikuwa mikononi mwa wamishonari, ambao mara nyingi waliwanyima Waafrika uongozi. Pingamizi hilo ni la haki, lakini jibu lake lilitolewa papa hapa Machakos. African Brotherhood Church, iliyoanzishwa mwaka 1945 na yenye makao makuu Mitaboni, ilijitoa chini ya uongozi wa kigeni bila kumwachia kila mwenye maono ajitawaze: ilijenga kanisa lenye utaratibu, ikawafundisha wachungaji wake, na kuyatia mamlaka ya kupima mikononi mwa Waafrika wenyewe.

Gharama ya kuliacha jukumu hilo ilidhihirika mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ya watu wanaodaiwa kushawishiwa na mhubiri wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu. Serikali iliunda jopokazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi kuchunguza namna ya kusimamia mashirika ya dini, na baadhi ya viongozi wa makanisa wakalalamika kwamba uhuru wa kuabudu unaingiliwa. Malalamiko hayo yangekuwa na nguvu zaidi kama makanisa yangekuwa yameitimiza kazi yao. Kanisa lisilomuuliza mhubiri amefundishwa na nani, ametumwa na nani na anawajibika kwa nani, halina haki ya kushangaa Serikali inapomuuliza maswali hayohayo.