Bulengera yamsamehe Kanumba, mtoto wa jirani bado

Katika komini ya Bulengera, mjini Butembo, kuna mama mshonaji wa nguo ambaye ameiangalia sinema moja mara nyingi mpaka ameacha kuhesabu. Sinema hiyo ni Devil Kingdom ya Steven Kanumba, yule Mtanzania aliyefariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na umri wa miaka 28. Ukimuuliza kama ni sinema nzuri, anacheka. "Nzuri? Hapana. Lakini ni ya Kanumba."

Jibu hilo linachekesha, ila limenyooka kuliko mengi yanayosemwa mashariki mwa Kongo juu ya marehemu huyo. Kuna wanaomfanya mtakatifu wa sanaa, hawataki kusikia kosa lake hata moja. Kuna pia vijana wa vyuo, wenye simu zilizojaa sinema za Korea na Marekani, ambao kwao kila anayemwangalia Kanumba leo ni mtu aliyebaki nyuma. Mshonaji wa Bulengera hayuko upande huu wala ule. Kasoro anazijua. Anazitaja hata kabla hazijafika kwenye televizio.

Na kasoro si chache. Sinema za Tanzania za miaka ile, zile za Bongo Movie, zilijulikana kwa mambo yaleyale. Gari linafika getini, mlinzi anafungua, gari linaingia, linasimama, mtu anashuka, anafunga mlango, anatembea mpaka barazani, na bado hakuna neno lililosemwa. Muziki unapanda juu ya sauti za watu. Mtu analia weee, na kamera iko palepale usoni pake. Hadithi moja inakatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili ili mnunuzi anunue DVD mbili, na mara nyingine inayofika Butembo ni moja tu. Kichwa ni cha Kiingereza hata kama wote walio ndani wanasema Kiswahili.

Katika Devil Kingdom, Kiingereza hakikubaki kwenye kichwa. Kanumba alicheza na Ramsey Nouah, nyota wa Nigeria, na Ramsey si mtu wa Kiswahili. Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka wa 2006 Kanumba alikuwa tayari ametokea katika Dar 2 Lagos pamoja na waigizaji wa Nigeria, akiwemo Mercy Johnson. Kijana huyo aliyezaliwa Shinyanga na kuanzia katika kundi la Kaole alitaka sinema ya Tanzania ifike pale ilipofika ile ya Nigeria, na Kiingereza aliona ndiyo barabara. Watanzania wenyewe walimcheka hadharani kwa Kiingereza chake. Hakuacha.

Ujasiri huo unastahili heshima. Lakini ukweli usemwe: mkaaji wa Bulengera, mwenye Kinande cha nyumbani, Kiswahili cha soko na Kifaransa cha shule, alimpenda Kanumba kwa sababu alimsikia akisema Kiswahili. Kumpa Kiingereza ilikuwa kumfungia mlango ambao Kanumba mwenyewe ndiye aliyeufungua.

Nyumbani kwa mshonaji, mlango huo ulifunguliwa tena na mtu mwingine. Mauaji yalipoanza upande wa Beni mnamo Oktoba 2014, familia nyingi zilikimbilia Butembo na kupokelewa na ndugu zao. Kwake walifika watu saba, kati yao mtoto wa shangazi yake, kijana mwenye maneno mengi. Nyumba ilikuwa ndogo, usiku ulikuwa mrefu, na DVD iliyokuwa bado inasoma bila kukwama ilikuwa moja. Jirani alipowasha grupe, waya ulivutwa juu ya ukuta na Devil Kingdom ikaanza.

Kijana huyo hakujua Kiingereza hata kidogo. Hiyo haikumzuia kutafsiri. Ramsey alipofungua kinywa, yeye alisimama karibu na televizio na kusema kwa sauti nzito: "Anasema hivi: wewe Kanumba, feza yangu iko wapi? Nilikupa tangu siku ya soko!" Kanumba alipojibu, yeye alijibu kwa sauti nyembamba: "Papa, nivumilie, biashara imelala, barabara ya Kasindi imefungwa." Watoto walilia kwa kicheko. Wazee waliokuwa wamekaa siku nyingi bila kusema neno walianza kumwongezea maneno. Kesho yake waliomba sinema ileile, na tafsiri ikabadilika: safari hii Ramsey alikuwa mkwe anayedai mbuzi.

Si jambo geni kabisa. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, aliyepata jina kubwa kwa kusimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili, na watu walimnunua yeye kuliko sinema yenyewe. Tofauti ni kwamba yule wa Bulengera alikuwa anatafsiri sinema ya Waswahili kwa Waswahili.

Baadaye kijana huyo alirudi kuangalia shamba lao la kakao upande wa Oicha. Butembo hakuonekana tena. Mshonaji hasemi zaidi ya hapo, na hakuna haja ya kumuuliza. Inatosha kujua kwamba kila Ramsey anapoanza Kiingereza chake, mama huyo anasikia habari za feza na mbuzi. Mtu akimletea leo nakala safi, yenye sauti iliyotengenezwa vizuri na maneno yote yametafsiriwa chini kwa Kiswahili sanifu, atakuwa amemwondolea kitu.

Ndiyo maana wanaomcheka wanakosea. Wanadhani kupenda ni kutoa alama kama mwalimu: sinema hii kumi na mbili juu ya ishirini, ile nane. Hata duniani kote wapenzi wa waigizaji hawafanyi hivyo. Bruce Lee alikufa tarehe 20 Julai 1973 akiwa ameacha Game of Death haijamalizika. Mwaka wa 1978 ilitolewa kwa kuunganisha vipande vyake na watu wengine waliofichwa nyuma ya miwani na ndevu za bandia. Kuna mahali ambapo picha ya uso wake imebandikwa kwenye kioo ili mwili wa mtu mwingine uonekane una kichwa chake. Hata picha za mazishi yake ya kweli zilitiwa humo. Ni kazi ya aibu. Na bado vijana wanaijua ile nguo yake ya manjano, wanasubiri zile dakika chache za mwisho ambapo ni yeye kweli anapigana, na wanasamehe saa nzima iliyotangulia.

Mshonaji wa Bulengera, basi, ana haki yote ya kupenda anachopenda. Lakini kuna mambo mawili ambayo upendo wake, na wa wengi kama yeye, haujayalipa.

La kwanza ni la feza, na litapita haraka kwa sababu halina ubishi. Sinema zile zilikuwa mbaya kwa sehemu kubwa kwa sababu zilitengenezwa kwa haraka na kwa mtaji mdogo: siku chache za kupiga picha, nyumba ya kuazima, na msambazaji anayenunua haki zote kwa malipo ya mara moja. Malipo yalikuwa madogo kwa sababu nakala za wizi zilikula soko. Na nakala zilizouzwa Butembo, zile zenye sinema kumi au ishirini kwenye DVD moja, zilikuwa za namna hiyo. Aliyelalamikia sauti mbovu na aliyenunua nakala ya wizi alikuwa mtu mmoja.

La pili ni zito zaidi, na liko ndani ya nyumba hiyohiyo.

Mama huyo ana mdogo wake anayesoma chuo. Pamoja na rafiki zake alitengeneza sinema fupi kwa simu, kwa Kiswahili na Kinande, juu ya kijana anayeuza kiwanja cha baba yake kwa siri. Butembo nzima inajua kesi za viwanja. Hadithi haikutafutwa mbali. Jioni moja aliiweka kwenye televizio ya dada yake. Baada ya dakika kama saba dada akauliza: "Huyu daktari si mtoto wa mama anayeuza mikate pale kona?" Kisha: "Koti lenyewe linamvaa yeye." Kisha: "Sauti yenu haisikiki." Kisha akaomba warudishe Kanumba.

Kijana alisema neno moja tu: "Yaya, hata ya Kanumba haisikiki."

Hapo ndipo hoja ilipo. Makosa ni yaleyale. Sauti ni ileile, nguo ni zilezile za kuazima, hadithi inatembea kwa mwendo uleule wa gari linaloingia getini. Aliyetoka Dar es Salaam anasamehewa yote, na kasoro zake zinakuwa utamu. Aliyetoka nyuma ya nyumba anahukumiwa kwa dakika saba.

Wengine watasema ni kwa sababu Kanumba alikuwa na kipaji. Alikuwa nacho, maelfu ya watu waliofurika kumuaga Dar es Salaam mnamo Aprili 2012 hawakwenda pale kwa bahati. Lakini hakuanza akiwa nacho kilekile. Alikosea mbele ya watu miaka mingi, katika michezo ya televizio kwanza na kisha katika sinema moja baada ya nyingine, na Watanzania, pamoja na kumcheka, waliendelea kumwangalia. Walimpa muda. Vijana wa Butembo hawapewi muda huo, na wana mizigo ambayo Kanumba hakuijua. Nani huku atathubutu kupiga picha ya wanaume wenye bunduki za mbao porini, katika jimbo lililo chini ya utawala wa dharura wa kijeshi tangu Mei 2021? Hata kamera begani, karibu na kizuizi, ni ya kuelezea kwa muda mrefu. Ndiyo maana sinema zao nyingi ni za sebuleni, na watu wanalalamika kwamba sinema za huku ni za sebuleni.

Kuna sababu nyingine, na huenda ndiyo kubwa. Kanumba akivaa koti la daktari, mtazamaji wa Bulengera anaona daktari, sababu hamjui mama yake. Mtoto wa jirani akilivaa, anaonekana mtoto wa jirani. Hilo si kosa la kijana wala la koti. Ni jicho ambalo halijazoea kuona mtu wake akiwa mtu mwingine, na jicho hilo halifundishwi kwa dakika saba. Linahitaji usiku mrefu, waya juu ya ukuta, na mtu mmoja mwenye mdomo wa kuongezea pale sinema inaposhindwa. Yaani linahitaji kile kilichofanyika mwaka wa 2014 katika nyumba hiyo, kwa ajili ya sinema ambayo nusu yake hakuna aliyeielewa.

Mshonaji hajabadili mawazo kuhusu sinema ya mdogo wake. Anasema ni mbaya, na huenda ni kweli. Ila vijana wanataka kutengeneza sehemu ya pili, na wamekuja kumwomba awashonee koti jeupe la kipimo cha yule mtoto wa mama wa mikate. Amechukua kipimo. Amewaambia kitambaa watalipa kwanza.