K'Ogalo na Ingwe, Tuleteeni Makarani Langoni

Ndugu shabiki wa Gor Mahia (K'Ogalo), nawe shemeji wa AFC Leopards (Ingwe), wito huu ni wenu, na kupitia kwenu uwafikie viongozi wa klabu. Agosti 10, 2027 Wakenya tutapiga kura. Mwaka wa 2022 waliosajiliwa walizidi milioni 22, lakini zaidi ya thuluthi moja hawakufika kituoni, mbali na wale ambao majina yao hayakuwa kwenye sajili kabisa. Wengi wa hao wanajua kikosi cha Jumapili kwa majina na namba za jezi, hivyo klabu zinaweza kuwafikia.

Novemba 1982, Brazil ikiwa bado chini ya wanajeshi, wachezaji wa Corinthians ya São Paulo waliingia uwanjani na jezi zilizowahimiza watu wapige kura tarehe 15. Hazikutaja chama wala mgombea. Mashabiki waliwasikiliza kwa sababu klabu yenyewe iliishi hivyo: saa za mazoezi, usajili wa wachezaji, hata suala la kulala kambini kabla ya mechi, yote yalipigiwa kura, na kura ya mtunza vifaa ilikuwa sawa na ya Sócrates, kiungo aliyekuwa pia daktari. (Na mtu asiseme siasa iliharibu mpira: walitwaa ubingwa wa jimbo mwaka huo na uliofuata.)

Kule Atlanta, Marekani, mwaka wa 2020, ukumbi wa timu ya mpira wa kikapu ya Hawks uligeuzwa kituo cha kupigia kura, na wafanyakazi wake wakafunzwa kuwa makarani.

Sisi tunaomba kidogo kuliko hayo. Siku ya Debi ya Mashemeji, mechi ya klabu hizi mbili, klabu ziwaombe maafisa wa tume ya uchaguzi, IEBC, waweke meza ya usajili langoni. Wakikosekana, mtangazaji aeleze wakati wa mapumziko mahali pa kujisajili. Nahodha wa kila upande aseme sentensi moja kabla ya mechi, wakiwa wamesimama pamoja.

Ila mwanasiasa asipewe kipaza sauti. Atakuja, tunamjua, na basi la mashabiki na bahasha ya marupurupu. Msaada wake klabu itajiamulia, lakini siku klabu itakapomtaja mgombea, nusu ya jukwaa itaacha kusikia habari ya kujisajili. Na viongozi wa klabu waitishe chaguzi zao kwa wakati, hesabu zikiwa wazi kwa wanachama. Anayekwepa kura za wanachama wake hawezi kumhimiza kijana aamke alfajiri kupanga foleni.

Nawe usiingoje klabu. Ukiwa umetimiza miaka 18 na una kitambulisho, nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge lako wiki hii, umchukue na jirani yako wa jukwaani. Usajili husimamishwa kabla ya uchaguzi.